Betri imelala trela ikiwa majini, wageni wameshapanda: mngeenda Mbudya au mngerudi?

#1 NahodhaWaMbudya

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie hili kwa akili tulivu, maana huku kumeshachafuka.

Mimi ni nahodha wa boti ya mtu. Faiba ya futi 23, nyuma kuna mashine ya Yamaha ya farasi 100, hizi mpya za kompyuta zisizochanganywa oili kwenye mafuta. Leo asubuhi tulikuwa na wageni wa kwenda kisiwa cha Mbudya. Trela imeshaingia majini, magurudumu ya nyuma ya pikapu yanalowa, wageni wamevaa maboya na wanapiga picha. Nageuza ufunguo: tik-tik-tik-tik. Kila ikigonga taa za dashibodi zinafifia. Nyuma yangu watu wanasubiri zamu ya kushusha, na maji yanapwa, tena ni bamvua, siku za maji makubwa. Sitataja tunaposhushia, ila wenyeji mnapajua. Pale maji hushuka zaidi ya mita 3 kwenye bamvua, ukichelewa kidogo zege linaisha na trela inakanyaga tope.

Dereva wa Fuso ya barafu akajitolea kutuwashia na waya zake. Nikamshukuru, nikakataa. Tukachukua umeme kwenye pikapu yetu, mashine ikawaka mara ya kwanza, wageni wakapiga makofi. Nikaiacha ingurume kama dakika kumi huku boti bado imefungwa kwenye trela. Kisha nikaizima makusudi na kujaribu kuwasha kwa betri yake yenyewe. Tik-tik-tik.

Nikasema leo safari hakuna. Bosi kaja juu: "Mashine ilikuwa imewaka, uliizima ya nini?" Wageni wamerudishiwa hela zao, na mimi sasa ndiye niliyemtia hasara mwenye mali.

Maswali mawili. Ninyi mngeenda? Na kwa nini betri ambayo haijamaliza hata mwaka inalala namna hii?

#2 Tanga_na_Mlingoti

Ndiyo maana mimi na ngalawa yangu hatugombani. Tanga halichajiwi 😂

#3 FundiTanga

Nahodha, ulifanya sawa, na pale ulipozima ukajaribu tena kabla ya kuachia trela ndipo ulipopima. Mashine ikiwaka kwa umeme wa jirani inakwambia mashine ni nzima. Kuhusu betri haijakwambia kitu.

Tuanze na mlio, kwa sababu watu wengi wakisikia boti haiwaki wanakimbilia kununua betri. Tik-tik ya haraka huku taa zinafifia: umeme upo ila hautoshi kuzungusha stata (mota ya kuwashia). "Tak" moja nzito halafu kimya: shuku relei au stata yenyewe. Kimya kabisa: usiguse betri kwanza. Angalia gia kama iko nyutro, maana mashine nyingi za ufunguo hazikubali kuwaka zikiwa kwenye gia. Angalia swichi kuu, watu huigusa kwa goti wakipita. Angalia fyuzi. Na ikiwa inazunguka kwa nguvu zote lakini haishiki, iache betri ya watu. Hapo kagua ile kamba nyekundu ya kuzimia, maana mara nyingi imechomoka. Nimeshaitwa na mkoba mzima wa spana kumbe kamba iko chini ya kiti cha mgeni.

Yako ni ya kwanza, umeme hautoshi. Hapo kuna mawili: betri haina kitu, au inacho lakini njiani kinapotea. Huwezi kujua kwa macho, tafuta mita. Ile ya bei ya chini kabisa inatosha.

Betri ikiwa imepumzika masaa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, pima. 12.6 au 12.7 imejaa. 12.4 bado ni nzuri. 12.2 imebaki nusu. 12.0 imekaribia kuisha. Ukiona 10.5 au karibu na hapo hata baada ya kuchaji usiku kucha, chumba kimoja kimekufa, kwa sababu betri ina vyumba 6 na kila kimoja hutoa volti 2 na kidogo. Hiyo haiponi.

Halafu mwambie mwenzio ageuze ufunguo wewe ukiangalia mita. Wakati stata inavuta, volti zitashuka, hilo ni la kawaida, lakini zisishuke chini ya 9.6. Zikiporomoka hadi 7 au 8 wakati betri ilisomeka 12.6, hiyo ina volti za maonyesho tu.

Na kipimo ambacho mafundi wengi hawakifanyi: weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri, kwenye risasi yenyewe, na ncha nyingine kwenye waya ulioshikwa pale pale. Ufunguo ugeuzwe. Inatakiwa usome karibu na sifuri. Ukisoma nusu volti na kuendelea, umeme wako unafia kwenye ule mguso. Fungua, sugua kwa msasa hadi risasi ing'ae, kaza, paka grisi juu. Na zile nati za kipepeo za kukaza kwa vidole zitoe, weka nati za spana. Boti inatikisika, kipepeo hakikai.

Pima ulete majibu, tutajua pa kushika.

#4 MwenyeBoti_DSM

Mimi nitamtetea bosi maana humu kila mtu ni nahodha. Mbudya si Comoro. Ukisimama Kunduchi unaiona kwa macho. Mashine inawaka, alteneta inachaji, unakwenda, unashusha wageni, unaiacha inanguruma taratibu, mnarudi. Mafuta ya ziada kidogo ni nafuu kuliko kurudisha hela ya kundi zima na kuharibu jina. Hivi mnajua wageni wakirudishwa wanaandika nini mtandaoni? Mtu anayeendesha biashara angeenda.

#5 BintiKilindoni

Kaka MwenyeBoti, "unaiacha inanguruma taratibu" wakati watu wanaogelea?

Mimi nafanya kazi ya kupeleka wageni kuwaona papa potwe hapa Mafia. Sheria ya kwanza ambayo hata mtoto wa boti anaijua: mtu akiingia majini karibu na chombo, mashine iwe nyutro au izimwe, na anapopanda ngazi iwe imezimwa kabisa, kwa sababu ngazi iko nyuma na propela iko nyuma. Sasa una boti ambayo ukiizima haiwaki. Kila mgeni anayetaka kupanda unachagua kati ya mguu wake na safari yako. Hiyo hapana.

Halafu na redio. Redio ya chaneli 16, ile ya kuitia msaada, imefungwa kwenye betri hiyo hiyo iliyolala. Siku mashine ikizima katikati, na mdomo wako nao umezimwa. Wenye boti wangapi humu wana redio ya mkononi yenye betri yake? Simu sawa, Mbudya mtandao upo, lakini simu ikilowa?

Nahodha, mimi ningekupa mkono.

#6 NahodhaWaMbudya

Ahsante dada. Nilitaka kumwambia bosi hayo ya ngazi, sikupata nafasi ya kumaliza sentensi.

#7 FundiTanga

Nimjibu MwenyeBoti kuhusu "alteneta inachaji", maana hapo ndipo watu wanapopotea.

Alteneta ya gari inatoa ampea nyingi hata gari likiwa limesimama. Mashine ya boti si hivyo. Umeme wake unatoka kwenye sumaku za gurudumu la juu, unapitia rektifaya (kifaa kinachougeuza uweze kuchaji betri), na ikinguruma taratibu unachopata ni ampea chache tu. Mashine ndogo za 40 au 60 hata ukikanyaga mafuta mpaka mwisho mara nyingi hazivuki ampea 20. Sasa chukua betri ya N70 (ya ampea-saa 70 hivi) iliyobaki robo. Ina njaa ya ampea-saa 50 na zaidi. Ukiipa ampea 5 ni kutwa nzima, na wakati huo huo redio, pampu na muziki wa wageni vinakula kwenye sahani hiyo hiyo. Safari fupi kama ya Mbudya haijazi betri. Kwa kweli ufupi wa safari ndio tatizo, kwa sababu kila kuwasha kunatoa na kunguruma kidogo hakurudishi.

Betri tupu hujazwa nyumbani kwa chaja ya umeme wa ukutani, taratibu, usiku kucha.

#8 MwenyeBoti_DSM

Hoja ya ngazi nimeikubali. Hiyo ya hela bado naiona nzito, lakini sawa.

#9 dogo_wa_feri

Wakubwa samahani, kwa nini nahodha alikataa waya za Fuso? Fuso ina betri kubwa kuliko pikapu, si ingekuwa bora?

#10 FundiTanga

Swali zuri dogo. Malori mengi ya namna ile yana betri mbili zimeungwa mfululizo, jumla volti 24. Boti ni 12. Ukiunganisha ncha za nje za zile mbili kwenye boti umeisukumia mashine volti mara mbili ya inazozijua. Kwenye mashine ya zamani labda utaunguza balbu. Kwenye hii ya nahodha yenye kompyuta utaunguza kompyuta, na bei ya kompyuta hiyo sitaki hata kuiandika hapa, kuna watu wana presha.

Yupo atakayekuja kusema "chukua kwenye betri moja tu ya Fuso, hiyo ni 12". Inawezekana kwa mtu anayejua anachoshika. Pale kwenye mteremko, watu wanapiga honi, maji yanapwa, dereva wa Fuso naye anataka kuondoka barafu isiyeyuke, mkono mmoja ukienda pasipo pake mmeunguza lori na boti kwa pamoja. Nahodha alitumia busara.

#11 MwanaKilifi

Salamu kutoka Kilifi. Nimesoma yote na kuna jambo hamjaligusa: foleni.

Hapa kwetu boti ikigoma mtu anabaki pale pale katikati ya mteremko, kifuniko cha mashine wazi, marafiki wanne wameinama, kila mmoja fundi. Nyuma watu wanangoja na maji yanakimbia. Ndugu zangu, boti ikikataa, ama ivute itoke kwa trela, ama isukume kando kwa kamba muifunge pembeni. Fanyeni ufundi wenu huko. Na bora zaidi, geuza ufunguo ukiwa bado juu, kwenye maegesho, kabla hata ya kurudisha trela nyuma. Sekunde moja tu, usikie stata inazunguka. Usiiache ingurume pakavu, maana mpira wa pampu ya maji unategemea maji kujilainisha na ukizunguka mkavu unaungua mara moja. Kugusa tu, ukasikia, ukazima.

Sasa kuhusu waya za kuwashia, naona watu wanazibandika kama nguo kwenye kamba. Kwanza fungua mifuniko yote na unuse. Kuna harufu ya petroli chini ya sakafu? Basi hakuna waya wowote utakaoguswa mpaka hewa itoke. Boti si gari. Kwenye gari mvuke wa petroli unashuka chini barabarani, kwenye boti unabaki umelala ndani ya kiuno cha chombo unakungoja.

Hewa ikiwa safi: pikapu izimwe. Mwekundu kwenye chanya ya betri iliyolala, ncha yake ya pili kwenye chanya ya pikapu. Mweusi kwenye hasi ya pikapu. Ncha ya mwisho ya mweusi usiiweke kwenye betri ya boti, iweke kwenye chuma cha mashine, mbali na betri. Ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, na betri iliyokuwa ikichajiwa hutoa haidrojeni, ambayo kwa cheche moja inalipua sanduku zima na asidi inaruka usoni. Ngoja dakika chache, washa. Kutoa ni kinyume chake, mweusi wa kwenye chuma unatoka kwanza.

Na mkigeuza nyekundu na nyeusi hata kwa kugusa kidogo tu, rektifaya kwaheri.

#12 Tanga_na_Mlingoti

Swali la kweli safari hii. Si mashine zina kamba? Mbona wavuvi wetu wa Yamaha 40 wanavuta tu na wanaondoka? Betri ya nini?

#13 FundiTanga

Zile 40 za Enduro ni mashine nyingine kabisa. Cheche yake inazalishwa na sumaku ndani ya mashine yenyewe, mafuta yanavutwa na pampu ya kawaida, haimuombi betri chochote. Vuta kamba, nenda baharini. Ndiyo maana pwani nzima hadi maziwani haiondoki mikononi mwa wavuvi.

Hizi za kompyuta, kompyuta yenyewe na pampu ya mafuta vinataka umeme kabla ya cheche ya kwanza. Betri ikiwa tupu kabisa unaweza kuvuta mpaka bega litoke. Na mashine kubwa za ukubwa wa 100 hazivutiki kwa mkono wa binadamu wa kawaida.

Zipo za katikati, zinawashwa kwa ufunguo ila zimepewa kamba ya dharura. Unatoa kifuniko, unaingiza fundo kwenye pengo la gurudumu la juu, unazungusha na kuvuta. Mwenye hizo ajue jambo moja: kwa kamba ile kinga ya gia haifanyi kazi. Ikiwa kwenye gia itawaka ikiwa kwenye gia, na wewe umesimama nyuma umeinama juu ya gurudumu linalozunguka. Hakikisha nyutro kwa macho na mkono, vua kanga, tai, mkufu, chochote kinachoning'inia.

#14 KusiNaKaskazi

Assalaam alaykum jamaa zangu. Mimi niko Unguja, nimezeeka na vyombo vya tanga na vya mashine.

Nimemsikia yule aliyesema Mbudya inaonekana kwa macho. Sheikh wangu, kuonekana si kufika. Chombo kikikosa mashine baina ya kisiwa na pwani, wakati huu wa kusi, hakibaki pale kikikungoja. Upepo unakwenda kaskazini na mkondo wa bahari yetu nao unakwenda kaskazini mwaka mzima. Utaanza kuiona Mbudya kwa nyuma. Nanga unayo? Amari inatosha kufika chini? Hayo ndiyo ya kuulizwa kabla ya betri.

La pili. Wengi mnaiweka betri chini kabisa, kwenye ngama, kwa kuwa ndiko kuna nafasi na uzito unakaa vizuri. Maji ya ngama yakipanda yakaingia ndani ya betri, chumvi, asidi na umeme wa betri vikikutana hutoa gesi ya klorini. Ile inaunguza kifua, na kwenye chumba cha chini mtu anaweza kuanguka. Betri iwe juu ya maji, ndani ya sanduku lake, imefungwa kwa mkanda isiweze kupinduka hata chombo kikilala ubavu. Nimeona betri imeteleza kwenye wimbi, spana ikaunganisha vichwa viwili, ikawa nyekundu kama kaa la moto.

#15 Mtaalamu_wa_Mtaa

Mnazunguka sana. Betri ikilala ni asidi imeisha nguvu. Nenda kwa wauza betri, mwaga iliyomo, jaza asidi mpya, chaji. Inakuwa mpya kabisa. Mimi nafanya hivyo kwa betri za bodaboda kila siku.

#16 FundiTanga

Mtaalamu, kwa heshima, hapana. Asidi haiishi kwa joto. Kinachokauka ni maji tu, asidi inabaki. Ndiyo maana betri ya maji inaongezwa maji maalumu ya betri yasiyo na madini, yale ya chupa ya duka la spea, mpaka bamba zifunikwe. Ukiongeza asidi juu ya asidi unaikoleza, siku mbili tatu inaonekana na nguvu, halafu inakula bamba zake yenyewe.

Betri iliyoachwa tupu muda mrefu inafanya ganda jeupe la salfeti kwenye bamba. Ganda likishakuwa gumu, asidi mpya hailitoi. Umeme unakosa pa kuingilia. Jua letu linaharakisha mambo haya, betri iliyokaa bila kazi kwenye joto la Dar inajimaliza yenyewe haraka kuliko iliyokaa baridini. Kwa hiyo boti inayokaa wiki nyingi nyumbani bila chaji inaua betri hata kama hakuna aliyeigusa.

Na hizo betri kavu ambazo hazina vifuniko, hata usizitoboe. Nimeziona zimetobolewa kwa msumari.

#17 Mtaalamu_wa_Mtaa

Haya fundi. Kwa bodaboda mimi naendelea.

#18 NahodhaWaMbudya

Nimerudi na majibu, na tafadhali someni mpaka mwisho.

Boti iko nyumbani kwa bosi juu ya trela. Betri nilipoipima kabla ya kuchaji: 12.0 kasoro kidogo. Nikaitoa botini, nikaichaji usiku kucha, nikaiacha ipumzike hadi mchana kama fundi alivyosema. 12.7. Nikairudisha, nikaweka mashine kwenye pipa la maji, mwenzangu akageuza ufunguo, volti zikashuka hadi 10.4 na mashine ikawaka. Kile kipimo cha kwenye risasi nacho nikakifanya, nyekundu na nyeusi zote karibu na sifuri. Kwa hiyo betri nzima, waya nzima. Nikachanganyikiwa kidogo.

Jioni nikarudi, kila kitu kimezimwa, swichi kuu imezimwa. 12.3. Nikajiuliza nani anakula.

Nikatoa waya mweusi, nikaweka mita upande wa ampea, ncha moja kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye waya. 2.8! Ampea 2.8 na boti imelala. Nikanyamaza nikasikiliza. Kulikuwa na mlio mdogo chini ya sakafu nyuma, mlio ambao ukiwa majini huwezi kuusikia kwa kelele. Nikafungua kifuniko. Pampu ya kutolea maji inazunguka, pakavu, imechemka huwezi kuishika. Ile swichi yake ya boya, inayonyanyuka maji yakijaa, ilikuwa imenyanyuka na haishuki. Nikaipindua nikaona mshipi wa nailoni, kipande hakizidi kiganja, kimejizungusha kwenye bawaba yake mara nyingi na kukaza na uchafu wa magamba. Nikakikata kwa kisu. Boya likaanguka, mlio ukakata, mita ikasoma sifuri.

Pampu imeunganishwa moja kwa moja kwenye betri, haipiti swichi kuu. Nadhani aliyefunga alitaka iendelee kufanya kazi mvua ikinyesha.

#19 FundiTanga

Hapo sasa. Na kuipitisha pampu pembeni ya swichi kuu ni sahihi, usije ukabadilisha. Boti inayokaa majini masika bila pampu inayojiwasha ni boti ya kwenda kuiopoa. Kinachokosekana hapo ni fyuzi yake na taa ndogo kwenye dashibodi inayowaka pampu ikizunguka. Ampea 2.8 kwa masaa 24 ni ampea-saa 67. N70 nzima imekwenda kwa siku moja na usiku wake.

Hiyo pampu iliyozunguka pakavu ikague vizuri kabla ya kuiamini tena. Na betri iliyofilisiwa hivyo imepungua umri kidogo, ila ukiwa unaijaza vizuri itakwenda.

Kwa wengine mtakaopima hivi: mita ikiwa upande wa ampea imekaa katikati ya waya na betri, mtu asiguse ufunguo. Stata inavuta mamia ya ampea na mita yako itatoa moshi.

#20 MwenyeBoti_DSM

Nahodha, mwambie bosi wako aongeze betri ya pili na swichi ya kuchagua. Moja ya kuwashia tu, nyingine ya muziki, taa na pampu. Mimi nimeweka, nalala usingizi. Ila msiipitishe ile swichi kwenye "zima" wakati mashine inanguruma, umeme unakosa pa kwenda na unarudi kuua rektifaya.

Na mpelekee bosi huu uzi. Mshipi wa senti tano ndio ulioleta hasara.

#21 BintiKilindoni

Amelipwa siku yake lakini?

#22 NahodhaWaMbudya

Nusu. Nusu nyingine "tutaongea".

#23 MtuWaUkerewe

Wadau, mimi niko ziwani, naomba nidandie uzi. Sisi tunavua dagaa usiku. Zamani karabai, sasa taa za sola na betri. Mashine yetu ni ya kamba kwa hiyo kuwaka si tatizo. Tatizo ni betri za taa. Tunatumia za gari, mpya kabisa, na kabla ya mwaka kuisha zinatoa mwanga wa saa moja tu. Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo hiyo sababu haipo. Tunakosea wapi?

#24 FundiTanga

Hamjakosea kuchaji, mmepewa betri ya kazi nyingine. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, halafu ijazwe mara moja. Bamba zake ni nyembamba na nyingi. Ninyi mnaichosha taratibu mpaka chini, usiku mzima, kila usiku giza likiingia. Bamba nyembamba hazivumilii kumalizwa. Mnataka betri za bamba nene, zile za sola. Kwa ukubwa uleule ni nzito zaidi, ukinyanyua mkononi utasikia.

Hata hizo msizimalize. Zikifika volti 12.1 au 12.0 huku taa zimezimwa, ziwe zimefika mwisho wa kazi, zirudi kwenye chaji asubuhi hiyo hiyo, zisikae tupu mpaka kesho kutwa. Na paneli iwe na kontrola ya kudhibiti chaji. Nimeona watu wanafunga paneli kubwa moja kwa moja kwenye betri, mchana inachemka mpaka maji yanakauka, halafu wanalaumu betri.

Mnatumia taa ngapi kwa mtumbwi mmoja, na kila moja imeandikwa wati ngapi? Piga na picha ya lebo ya betri uiweke hapa, nikukadirie ukubwa.

#25 MtuWaUkerewe

Taa ziko kwenye maboya yake, kila moja na betri yake. Nipo mwaloni sasa hivi, wati zimefutika kwa jua. Kesho nikipanda juu kwa mwenye taa namuuliza nakuja na picha.